Nyanya Mbichi na Jicho la Mama Mdogo

Nilikuwa na miaka tisa nilipoambiwa kwamba macho ya mtu yanaweza kupanda nyasi ndani ya ngozi ya mtu mwingine. Niliambiwa hivyo nikiwa uchi, nimekalia ngozi ya ng'ombe nyuma ya jiko la mama, midomo imevimba hadi siwezi kuifunga, na shangazi ananisugua samli mgongoni kwa kiganja kikavu kama gome.

"Tulia," alisema. "Zinatoka."

Akageuza kiganja, akakiinua kwenye mwanga ili mama na majirani wawili waone. Ndani ya samli palikuwa na vipande vya majani, vumbi la manjano na vishada vitatu vya maua ya nyasi.

"Haya," akasema shangazi. "Nani atasema vitu hivi vimeingia vyenyewe?"

Hakuna hata aliyekumbuka kwamba mchana kutwa nilikuwa nimebiringika kwenye nyasi. Mimi mwenyewe sikukumbuka. Nilikitazama kile kiganja kwa mshtuko ambao sijausahau, nikijiuliza kama bado kuna nyasi nyingine tumboni mwangu, na kama zinaendelea kuota.

Ulikuwa mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mvua ndefu zilikuwa zimekwisha, na nyasi kati ya boma letu na la Mama Mdogo zilinifika kifuani, zote zimechanua. Kwa wiki mbili nilikuwa nikipiga chafya na kufikicha macho, na mama akasema ni mafua. Siku hiyo alinituma nirudishe ungo kwa Mama Mdogo, mke wa mdogo wake baba. Baba na mdogo wake walikuwa wakifanya kazi kwenye mashamba ya chai Kericho, kwa hiyo maboma hayo mawili, nje kidogo ya Keumbu, yaliendeshwa na wake zao.

Nilimkuta Mama Mdogo kando ya kijito, akichuma nyanya za kupeleka sokoni. Alichagua moja nyekundu, akaipangusa kwenye rinda lake.

"Kula, mwanangu. Lakini usimwambie mama yako nimekushibisha."

Nilikula mbili. Kabla sijafika nyumbani ulimi ulianza kuwasha, kisha koo, kisha midomo ikawa mizito kana kwamba ni ya mtu mwingine. Shingoni na tumboni nikatoka mabaka yaliyovimba, mekundu pembeni na meupe katikati.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa ametutembelea. Swali lake la kwanza halikuwa "umekula nini?" Aliuliza, "Nani amekuangalia?"

Nikasema, "Mama Mdogo."

Jibu hilo nililitoa bila kufikiri, kama mtoto anavyojibu anapoulizwa saa. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikijisifu chuo kikuu kwamba mimi siamini neno mpaka nione ushahidi, nililikumbuka na kunyamaza katikati ya sentensi.

Kwetu jicho la namna hiyo huitwa ebibiriri. Si uchawi hasa. Mchawi huamua, huondoka nyumbani kwake na kwenda kutenda. Mwenye jicho haamui chochote. Anamtazama mtoto, hasa mwenye ngozi nyororo, na takataka ndogo zilizo hewani au nguoni zinaingia mwilini mwa mtoto huyo. Anaweza kumpenda mtoto na bado amuue. Anaweza asijue kabisa kwamba analo. Wanasema mama humrithisha binti yake. Tafakari shitaka kama hilo! Ukikana, hakuna anayesema unadanganya, wanakuhurumia tu kwa kutojua. Sijapata kusikia mahakama yoyote iliyofunga milango yake vizuri kiasi hicho.

Nilipona kesho yake. Mama Mdogo hakupona.

Hakuna aliyemtukana. Watu wetu ni wa kanisa la Sabato, Jumamosi tulikaa naye benchi moja tukaimba kwa kitabu kimoja. Ila akipita njiani, wanawake walivuta khanga wakawafunika watoto uso. Mama yangu naye alifunika. Mama Mdogo alijifunza kutembea akitazama vidole vyake vya miguu. Akisalimia, alisalimia ardhi. Nilizoea hali hiyo kiasi kwamba ningeulizwa uso wake ukoje, ningeeleza kilemba.

Na mimi nikamwongezea. Nilipokuwa kidato cha pili, nimesoma kemia kidogo na kujiona nimeshavuka ujinga wa wazee, nilisimama sokoni Keumbu mbele ya wanunuzi wake nikatangaza kwamba habari ya jicho ni upuuzi. Kilichonidhuru, nilisema, ni ile dawa ya buluu anayonyunyizia nyanya zake. Nilidhani namtetea. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameshika nyanya tatu akazirudisha kwenye fungu, akapangusa vidole. Tangu hapo Mama Mdogo alikuwa mwenye jicho anayeuza sumu. Alihamia soko la mbali, Nyamira, akitembea na kikapu kichwani kwa sababu ya msomi mmoja wa miaka kumi na minne.

Alikuwa na binti mmoja, aliyenizidi mwaka. Kwetu yeye ni dada yangu, na ndivyo nilivyomwita. Nilipokuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, alikuja kuposwa na watu wa upande wa Keroka. Kabla ya mambo hayo kufika mbali, mshenga hutumwa kuchunguza: ukoo huu una kifafa? Una wizi? Una jicho? Mshenga yule alifika, akanywa uji, akauliza maswali yake kwa majirani, akaondoka kwa adabu. Hakurudi. Dada yangu aliendelea kufagia uwanja kila asubuhi kama kawaida, akifagia hata mahali palipokwisha kufagiliwa.

Nikaenda chuo kikuu Nairobi. Nilikuwa mwanafunzi wa kuudhi. Nilimuuliza mhadhiri amejuaje, nilimuuliza kasisi amejuaje, na mwenzangu wa chumbani aliponiamsha akisema kumekucha, nilimuuliza amejuaje. Mwaka wangu wa pili, mwishoni mwa Novemba, mvua za vuli zilikuwa zimepita na nyasi za pembeni mwa uwanja wa mpira zimechanua. Nilikuwa nimeshinda siku kadhaa macho yamefura. Mchana mmoja bwaloni tukapewa kachumbari. Nyumbani hatukuwa na chakula hicho. Nyanya za mama ziliingia kwenye sufuria pamoja na mboga na kutoka zimeiva, na hizo nilikula maisha yangu yote bila shida. Tangu umri wa miaka tisa sikuwa nimeonja mbichi.

Vijiko vinne tu. Ulimi ukawasha, koo likawasha, midomo ikaanza kuwa ya mtu mwingine.

Niligeuka kutazama kushoto na kulia, na nakiri niliogopa kama mtoto. Halafu nikaona jambo lililonishtua zaidi ya uvimbe wenyewe: hakuna mtu aliyekuwa ananiangalia. Wavulana mia mbili walikuwa wameinamia sahani zao.

Daktari niliyepelekwa kwake alikuwa mtu mzima, mwenye haraka, asiyependa maswali. Alipangusa mkono wangu kwa spiriti, akadondosha matone manne kwa mstari, akachoma kila tone kwa ncha ya sindano, taratibu, bila kutoa damu. La kwanza lilikuwa maji ya chumvi. La pili, vumbi la nyumba. La tatu, chavua ya nyasi, yaani ule unga wa manjano wa maua yake. La nne alilipata kwa kuichoma nyanya mbichi kwanza, kisha akanichoma mimi kwa sindano hiyo hiyo.

"Usikune," alisema. Akasoma gazeti.

Baada ya robo saa maji yalikuwa hayajafanya kitu, na vumbi vilevile. Penye nyasi na penye nyanya palikuwa na vivimbe viwili, vyekundu pembeni na vyeupe katikati, vinafanana kama macho mawili yaliyo kwenye uso mmoja.

"Vinahusianaje?" nikauliza. "Nyanya si nyasi."

"Wewe unajua hivyo. Mwili wako haujui." Alikunja gazeti. "Mwili una askari. Askari wako aliwahi kugombana na nyasi, akakariri sura yake. Ndani ya nyanya kuna kitu chenye sura ya namna hiyo. Akikiona, anakikamata. Hajali ni nani, anajali kinafanana na nani."

"Na ikipikwa?"

"Moto unaiharibu ile sura. Nyanya inapita salama."

"Nani aligundua?"

"Kijana, wenzetu wa ng'ambo wameona wagonjwa wa namna yako, wanapiga chafya kwa maua na kuwashwa na matunda. Hatujui yote. Kula iliyopikwa. Utasumbuka hasa nyasi zikichanua, wakati mwingine unaweza kula usisikie kitu. Lakini usijaribu, koo likifunga hakuna atakayekuwahi." Akaniandikia tembe.

Niliandika kila neno lake kwenye daftari, isipokuwa sentensi moja. Nilikuwa tayari niko mbali. Nilikuwa nyuma ya jiko la mama, nakitazama kiganja cha shangazi. Vumbi la manjano. Vishada vya maua. Alikuwa amekishika mkononi kile kile kilichonidhuru, akakiinua juu tukione wote, kisha akamtaja mtu.

Nilirudi nyumbani kwa likizo nikiwa na hamu ya vita. Na vita vilikuwa vinasubiri: dada yangu alikuwa ameposwa tena, safari hii na familia ya Nyamira. Umri wake ulikuwa umeanza kusemwa. Mshenga, mzee mfupi mchangamfu mwenye koti la sufi lililomzidi, alikuwa ameshakuja mara moja na angerudi wiki ya pili ya Januari. Kila mtu alijua ataambiwa nini.

Nikapanga kila kitu. Nilimwita shangazi, nikamsubiri mshenga, nikawakalisha uwanjani kwa mama. Mama Mdogo nilimwomba abaki kwake, asitoke kabisa. Hakuuliza kwa nini. Nyanya niliichuma mwenyewe. Nikasimama mbele yao nikahutubia kama niko kwenye mdahalo: kwamba tatizo ni mwili wangu, si jicho la mtu, na kwamba leo, Mama Mdogo akiwa hayupo, hajaniona, hajaiona nyanya, nitaila mbichi na mtaona nitavimba.

Nikala. Tukangoja.

Kulikuwa na jua kali, ardhi imepasuka, nyasi zote zimekauka na kulala. Tulingoja mpaka kivuli cha paa kikasogea miguuni mwa mshenga. Nikala ya pili. Nikala ya tatu, juisi inanitiririka mpaka kwenye kiwiko. Ulimi ukawasha kidogo sana, kisha ukaacha.

"Umevimba?" akauliza shangazi.

"Bado."

"Njoo nikuone." Akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama anayenunua ng'ombe. "Huyu mzima kabisa." Akawageukia wengine, na sauti yake haikuwa na chuki hata chembe. Hilo ndilo lililoniumiza. "Mmeona wenyewe. Yule mama hayupo, mtoto amekula nyanya tatu, hana kitu. Asante kwa kutuonyesha, mwanangu. Wengine tulikuwa tumeanza kuwa na mashaka."

Mshenga akavaa kofia yake. "Tutarudi," alisema. Alisema hivyo kwa upole mno.

Nilisimama pale na mbegu za nyanya kidevuni. Miaka kumi na mbili Mama Mdogo alishukiwa tu. Mimi, msomi wa familia, nilikuwa nimemhukumu kwa ushahidi.

Jioni nikaenda kwake. Alikuwa anapepeta maharagwe, uso chini. Binti yake aliponiona aliingia ndani.

"Mama Mdogo, nimekuja kuomba msamaha."

"Kwa lipi? Yako ni mengi." Ungo haukusimama. "Ninyi huko mnasoma nini hasa?"

Nikaanza kutaja masomo, akanikatiza.

"Kabla ya siku ile ulikula nyanya zangu mara ngapi? Ulikuwa mwizi wangu mkubwa. Kila Krismasi, kila Januari, unakuja kwenye kijito, unashiba, unarudi kwenu mzima. Nilikuwa nakuangalia kwa macho haya haya. Kwa nini hukuvimba?"

"Sijui."

"Kulikuwa na mavumbi, ndiyo sababu. Nyasi zilikuwa zimekufa. Siku uliyovimba, ulifika kwangu ukiwa wa manjano mpaka nyusi, macho yanachuruzika, unapiga chafya kama mbuzi. Nilikufuta mwenyewe. Nyasi zikichanua wewe huwa mgonjwa, na ukiwa mgonjwa, nyanya inakumaliza. Nililiona hilo mwaka ule ule."

Nilihisi nimepigwa kofi. Ile sentensi ya daktari, ambayo sikuiandika, ilirudi nzima: hasa nyasi zikichanua.

"Kwa nini hukusema?"

Ungo ukasimama. "Nilisema. Nilimwambia mama yako. Aliyekuwa ananisikiliza alikuwa amemfunika mtoto mgongoni." Akaendelea kupepeta. "Na wewe mwenyewe leo, ulikuja kuniambia nijifungie. Uliniuliza neno lolote?"

Sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nimemuuliza kila mtu Nairobi amejuaje, lakini sikuwa nimemuuliza yeye chochote.

Watu wa Nyamira hawakukataa moja kwa moja. Walituma salamu kwamba wanafikiria. Nilitumia uchumba huo unaoning'inia kama kisingizio cha kumsumbua mama kwa barua: apande miche miwili ya nyanya nyuma ya jiko lake, aimwagilie yeye tu. Alipanda. Juni nikawa nyumbani kwa likizo ndefu, na nyasi zilinipokea barabarani. Nilishuka Keumbu napiga chafya, nikafika nyumbani macho yamebaki nyufa. Sijawahi kuufurahia ugonjwa kiasi hicho.

Mama Mdogo alikwenda kwao Ekerenyo kumtazama mama yake, siku tatu. Binti alikwenda naye. Siku ya pili nikawakusanya tena: shangazi, mshenga na koti lake, mama, na mke wa kaka yangu, aliyekuwa na mtoto wa miezi mitatu. Nilikuwa na tembe za daktari mfukoni. Sikuhutubia.

Mama alichuma nyanya kwenye mche wake, akaiosha, akaikata kwa kisu chake, akanipa. Nilikula nusu.

Haikuchukua muda. Ulimi, koo, midomo. Niliwahisha tembe nikizimeza kwa shida. Mabaka yakapanda shingoni. Nilinyanyua mikono juu kama aliyefunga goli, nikijaribu kusema kitu, na maneno yakatoka kama uji.

Nilitegemea mshtuko, nikaupata, lakini haukuwa ule niliouandaa. Shangazi hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama mama, polepole, kuanzia kisu mkononi mwake kupanda mpaka usoni.

"Nani aliikata?" aliuliza.

Mke wa kaka yangu, bila kusema neno, akavuta khanga akamfunika mtoto.

Nilikuwa nimemwondoa Mama Mdogo kwenye hesabu vizuri kabisa. Nilihakikisha hayupo, hajaigusa, hajaiona. Na aliyebaki, aliyepanda, aliyemwagilia, aliyeikata na kunitazama nikila, alikuwa mama yangu. Nilikuwa nimelihamisha jicho kutoka boma moja hadi jingine. Nikataka kupiga kelele kwamba ni nyasi, ni chavua, ni askari wa mwilini, na mdomo wangu haukuweza kutamka hata herufi moja.

Mama aliweka kisu chini. Alimtazama mkamwana wake, akaitazama ile khanga kwa muda. Nadhani alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza kutoka upande ule mwingine. Kisha akatoka mpaka kwenye ua, akavunja mashina mawili ya nyasi yenye maua, akarudi. Alinishika mkono, akaupangusa, akasugua ua moja kwenye ngozi ya ndani ya kiwiko. Akamshika na shangazi mkono.

"Unafanya nini?" shangazi aling'aka.

"Ulisugua wa mwanangu, na mimi nasugua wako. Tulia." Akamsugua ua la pili. "Mzee," alimwambia mshenga, "sogea. Usitazame uso wangu. Tazama mikono."

Mshenga akasogea, koti linaburuta. Tukatazama. Kwenye mkono wa shangazi palikuwa na unga wa manjano, basi. Kwenye wangu, pale pale ua lilipopita, ngozi ikainuka: nyekundu pembeni, nyeupe katikati, mstari mrefu kama wa kiboko.

Nilisomea chuo kikuu, jamani, na sikufikiria kuweka mkono wa pili.

"Macho yangu yametazama mikono miwili," mama alisema. "Mmoja umevimba. Niambie wifi, jicho langu limekupenda wewe kuliko mwanangu?"

Shangazi akaufuta ule unga mkononi. "Jicho lina mambo yake," alisema mwishowe.

"Lina mambo yake. Na samli ile ulitumia yangu, kibuyu kizima." Mama akamgeukia mkamwana. "Huyo mtoto namwogesha mimi kila siku tangu azaliwe. Kama nina jicho, mbona amenenepa? Mfunue."

Khanga ikashuka. Mtoto alikuwa amelala, jasho limemtoka puani.

Mshenga alikohoa. "Mimi nilitumwa niulize kama kuna jicho hapa," alisema. "Nitawaambia nimekuta pua." Akanipiga bega. "Na wewe kijana, funga mdomo. Au haufungi?"

Shangazi hajakubali mpaka leo. Anasema nyasi ni nyasi na jicho ni jicho, na kwamba mimi nina vyote viwili. Lakini mshenga alirudi baada ya mavuno ya wimbi, yaani ulezi, na safari hiyo hakuuliza majirani chochote.

Ninachokumbuka zaidi ni asubuhi ya siku iliyofuata, Mama Mdogo na dada yangu waliporudi kutoka Ekerenyo. Mama alimchukua mjukuu wake akashuka naye kwenye ile njia ya nyasi. Nilimfuata kwa mbali, leso puani. Mama Mdogo alipotuona alishuka pembeni ya njia na kuinamisha kichwa, kama alivyofanya kwa miaka karibu kumi na mitatu.

"Uliniambia," mama alisema. "Mwaka ule. Uliniambia ni nyasi."

"Nilikuambia."

"Mshike."

Mama Mdogo hakunyoosha mikono. "Mfunike kwanza," alisema kwa sauti ndogo.

"Simfuniki. Mtazame."

Kikapu chake kilikuwa bado kichwani. Dada yangu alikipokea. Mama Mdogo akamchukua mtoto, akaendelea kutazama miguu yake kwa muda mrefu, halafu akamtazama mtoto. Mtoto akapiga miayo. Kisha akainua uso, akanitazama mimi, moja kwa moja.

Nilishtuka. Macho yake yalikuwa ya hudhurungi nyepesi, kama chai isiyokolea, na la kushoto lina doa jeusi pembeni. Nimeishi hatua mia mbili kutoka kwake na nilikuwa sijui.

"Mungu wangu," alisema akiikagua midomo yangu, "una mdomo wa bata." Na akaanza kucheka, mtoto akitikisika kifuani pake, na hakuyaondoa macho.